Chini ya lami ya Arusha: shajara ya makalavati

Jumapili, wiki ya mwisho ya Agosti

Mlima Meru umejifunika wingu asubuhi hii, lakini ni wingu kavu la mwezi wa nane. Mtaani Ngarenaro vumbi tupu, na mto Naura umebaki uzi wa maji unaopita katikati ya mawe. Majuma haya ya kiangazi, kuanzia Julai hadi Septemba, ndiyo tunayoyahesabu kuwa ya kuingia chini ya barabara kukagua makalavati, yaani mapito ya maji yaliyojengwa chini ya lami. Vuli ikishaanza kuchungulia, mlango umefungwa, na haufunguki mpaka masika ipite na mitaro ikauke kabisa.

Arusha haina mji wa pili chini ya ardhi. Heri lisemwe mapema, maana anayekuja na picha za Paris kichwani, ambako Félix Nadar aliingia na kamera kwenye mifereji ya maji taka miaka ya 1860, au za London na mahandaki ya matofali aliyoyasimamia Joseph Bazalgette baada ya uvundo wa mto Thames wa mwaka 1858, ataondoka amevunjika moyo. Sisi tuna makalavati, na tuna mitaro iliyofunikwa kwa slabu za zege. Mengi ni hatua ishirini au thelathini za giza, kisha mwanga. Lakini katika hatua hizo thelathini mlima mzima unapita.

Hebu tazama umbo la ardhi. Kilele cha Meru kina zaidi ya mita 4,500, mjini tuko kwenye mita 1,400 hivi, na kati ya hapo na pale kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 15 tu. Maji yanashuka zaidi ya mita 3,000 katika umbali huo mfupi. Mito ya Themi, Naura, Goliondoi, Kijenge, Ngarenaro, Burka, yote inaelekea kusini, na barabara zetu kubwa zimelazwa mashariki hadi magharibi. Ndiyo maana hakuna namna ya kwenda kutoka Kijenge hadi Mianzini bila kupita juu ya maji, hata kama hujawahi kuyaona. Baada ya mji yanaingia Kikuletwa, yanafika Nyumba ya Mungu, halafu Pangani na bahari.

Kalavati linajulikana juu kabla halijajulikana chini. Anayefika mdomoni na tochi bila kutembea juu ya mto hajui anaingia wapi. Kazi ya siku ya kwanza ni miguu: panda kilomita mbili tatu kufuata korongo, tazama paa mpya za bati, viwanja vilivyomwagwa zege, migomba iliyokatwa. Kila bati jipya ni maji ambayo zamani yaliingia ardhini na sasa yanaingia mtaroni.

Hesabu yake si ngumu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua ya milimita 30 kwa saa moja juu ya kilomita moja ya mraba ni mita za ujazo 30,000, yaani zaidi ya mita za ujazo 8 kila sekunde. Chukulia nusu yake inazama ardhini: zinabaki 4. Sasa, bomba la zege la kipenyo cha sentimita 90, likiwa safi na lina mteremko wa mita moja kwa kila mita mia, linapitisha chini kidogo ya mita za ujazo 2 kwa sekunde likijaa. Maana yake bomba limejaa hadi dari, maji yanakwenda karibu mita 3 kwa sekunde, na mengine mengi yanatafuta njia juu ya lami. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu ya maji inayomsukuma mtu inaongezeka mara nne, ndiyo maana maji ya magotini yakikimbia yanamwangusha mtu mzima. Aprili 2024, hapahapa Arusha, maji yalisomba basi la shule na wanafunzi wakapoteza maisha. Basi, si mtu.

Hatari ya hapa ina sura yake: mvua inayokuua huioni. Mjini jua linawaka, juu msituni inanyesha. Kwa hiyo kutazama anga la Soko Kuu hakutoshi. Tunasoma utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa tangu jana yake, tunampigia mtu anayekaa juu Ilboru au Olmotonyi, na tunatoka kabla ya saa sita mchana hata kama hakuna wingu. Ndani, dalili zinakuja kwa mpangilio: upepo unabadilika, maji yanageuka rangi ya maziwa ya chai, kisha zinafika takataka nyepesi, majani na vifuniko vya chupa. Ukiona rangi imebadilika, toka. Ukisubiri vifuniko umechelewa. Watembeaji wa mitaro wa Melbourne, Cave Clan, walioanza mwaka 1986, wana sheria moja wanayoirudia kuliko zote: mvua ikinyesha, mitaroni haiingiwi. Kwetu iongezwe kwamba ni mvua ya popote kwenye mteremko.

Tunaingia kwa mdomo wa chini, tukielekea juu. Njia ya kutokea unakuwa umeshaikagua kwa miguu yako, na chochote kinachokuja kinakuja usoni, si mgongoni. Kabla ya hapo lazima mtu aende mdomo wa juu akatazame. Huu ndio ukaguzi unaorukwa kuliko wote, na ndio wenye thamani kuliko wote. Kama mdomo wa juu umezibwa na matawi, magodoro na chupa, nyuma yake kuna bwawa, hata likiwa dogo, na bwawa la taka haliachii polepole. Hapo haingii mtu.

Mdomo wa chini nao una mtego wake. Maji yanayotoka kwa kasi yanachimba shimo mbele ya sakafu ya zege, halafu yanarudi kula udongo chini yake. Ukiwa juu unaona zege zima, kumbe limebaki kama ulimi uliotoka nje. Ligonge kwa mpini wa jembe: lililokaa juu ya ardhi linatoa sauti fupi, lililoliwa linalia kama ngoma. Shimo lenyewe lipime kwa mpini huohuo, usilipime kwa mguu.

Vipimo vya kuingia tunavyofuata ni hivi. Bomba la sentimita 60 si la mtu. La sentimita 90 mtu anaweza kutambaa, ila hawezi kugeuka haraka, na asiyeweza kugeuka haraka asiingie. Badala yake tunafunga simu na tochi kwenye fimbo ndefu, tunapiga picha kutoka nje. Kalavati la boksi lenye urefu wa mita moja na nusu kwenda juu linatembeleka kwa kuinama. Mtu mmoja anabaki nje daima, na simu yake ina salio, kwa sababu ndani mtandao unakatika.

Ukiwa ndani, tazama juu kwanza. Vitambaa na nailoni vikining'inia darini vinakuambia kwamba hapa maji hujaa pote, hakuna pa kuchomoza pua. Kisha tazama maungio ya mabomba. Ungio likifunguka, udongo wa volkano, ambao ni laini na unabebeka upesi, unaingia ndani kidogokidogo na kuacha tundu chini ya lami. Juu watu wanaona barabara imebonyea, wanamwaga kifusi, mwaka unaofuata imebonyea tena. Jibu liko chini, kwenye ungio la upana wa vidole viwili. Nondo zilizotokeza zenye kutu zinaelezea zege lililokuwa jembamba au lililokwanguliwa na mchanga. Na vile vijiti vyeupe vinavyoning'inia kama mishumaa midogo ni chokaa: maji yanapenya zegeni, yanayeyusha chokaa, yanaiacha darini. Vya namna hii vinakua haraka kuliko vile vya mapangoni, kwa hiyo usidhani kalavati ni la kale kwa sababu lina vijiti virefu.

Umri unausoma vizuri zaidi kwenye tope. Pakiti za viroba vya pombe kali, ambavyo vilipigwa marufuku Machi 2017, na mifuko ya plastiki ya rambo iliyokatazwa tangu tarehe 1 Juni 2019, vinakaa kwa matabaka. Ukikuta rambo zimeshindiliwa katikati ya mchanga mgumu, na juu yake sentimita 30 za mchanga, umeshajua kwamba kalavati hilo huenda halijazibuliwa kwa miaka. Ni kipimo kisicho kamili, maana mafuriko huchanganya tabaka, lakini kinasaidia.

Hewa. Kalavati fupi lililo wazi pande zote lina upepo na halina shida kubwa. Mtaro mrefu uliofunikwa kwa slabu ni habari nyingine, na chemba ya maji taka haiingiwi na mtu wa matembezi kamwe. Taka zinazooza zinatoa gesi ya haidrojeni salfaidi, nzito kuliko hewa, inayonuka mayai viza. Ikizidi, karibu sehemu 100 katika milioni, pua inakufa ganzi na harufu inapotea, na mtu anadhani hewa imesafika. Kipima hewa cha gesi nne ndicho jibu: oksijeni ya kawaida ni asilimia 20.9, ikishuka chini ya 19.5 geuza. Mshumaa usiuamini. Hauoni salfaidi, na penye methani unawasha moto. Mwenzako akianguka humo, usimfuate. Wengi wanaokufa kwenye mashimo kama hayo ni wale walioingia kuokoa.

Wenyeji wengine wa giza ni nyuki, ambao hupenda dari kavu, nyoka kwenye mawe ya mdomoni, popo, na panya. Mkojo wa panya kwenye maji unaleta leptospirosisi, ile iliyopewa jina la homa ya mgunda ilipothibitishwa Ruangwa, Lindi, mwaka 2022. Inapita kwenye mchubuko. Glavu na suruali ndefu, basi, na kidonda chochote kinakubakisha nje. Gambuti zinafaa kwenye tope la kifundo, lakini zikijaa maji zinakuwa mawe miguuni. Tukitegemea maji tunavaa viatu vya kamba vinavyochuja. Taa tatu kwa kila mtu, moja kichwani.

Kuna wanaolala humo pia. Piga hodi mdomoni, subiri, sema unakuja kufanya nini. Ukijibiwa usiingie, ni nyumbani kwa mtu. Na kabla ya yote mwone mwenyekiti wa mtaa. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, zile kuu ni za TANROADS, na ruhusa inaombwa huko. Mama anayelima mchicha kando ya Themi naye msalimie vizuri, "Shikamoo mama", umuulize maji ya masika yalifika wapi. Atakuonyesha mti. Hakuna ramani itakayokupa alama hiyo.

Ukitoka, viatu vinaoshwa kwa maji yenye jiki, mikono kwa sabuni mpaka viwikoni, kabla ya kugusa chakula. Kisha daftari: tarehe, jina la mto, kipimo cha mdomo, kina cha mchanga kushoto, katikati na kulia, maungio yaliyofunguka yakihesabiwa kutoka mdomo wa chini. Nakala moja inakwenda kwa mwenyekiti wiki hii, Agosti, wakati bado kuna mwezi mmoja na zaidi wa kuzibua kwa koleo kabla ya matone ya vuli.