Mama, ubao na mlango wa Msimbati

Mama ni mtu wa Mikindani, na ghuba ya Mikindani haina mawimbi ya maana. Kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao nimejifunzia Dar, Coco Beach, kwa ubao wa sponji niliouziwa na jamaa aliyekuwa anahama nchi. Kwa hiyo Msimbati, kijiji cha pwani huko Mtwara, tulikuwa wageni wote wawili. Yeye aliwahi kufika kwenye harusi ya ndugu, akala pilau na kurudi na gari la usiku. Bahari yenyewe hakuiona.

Tulipanda pikapu ya binamu, ubao umefungwa nyuma kwa kamba ya katani. Mangamba, Madimba penye mtambo wa gesi inayokwenda Dar kwa bomba tangu 2015, halafu mchanga na mikorosho iliyoanza kuchanua. Getini tulilipa kiingilio cha Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, jina refu kuliko risiti yake.

Ilikuwa Agosti, kusi bado inavuma, mwezi mpevu, yaani bamvua. Siku za bamvua pwani yetu maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, yakajaa mnamo saa kumi jioni, na tofauti yake inazidi mita tatu. Mimi nilitaka twende mchana, mawimbi yakishapanda. Mama alikataa katakata.

"Siingii maji ambayo sijayaona yakiwa uchi."

Nikamwonyesha simu: urefu wa mawimbi, upepo, kila kitu. Akaniuliza kama ni simu hii hii iliyotufanya tushinde roho mkononi Aprili 2019, tukingoja Kimbunga Kenneth, nacho kikaenda kutua Msumbiji. Nikanyamaza. (Tahadhari ile ilikuwa ya haki kabisa, ila mbele ya mama hoja ya namna hiyo huwa haisimami.)

Basi saa nne tulikuwa juu ya mwamba, upande unaotazama bahari kuu. Mama amevaa raba zangu kuukuu na fimbo mkononi. Tangu ujana wake alikuwa akichokoa pweza, na bahari anaijua kwa nyayo. Alichoma fimbo hapa, akachoma pale, akanionyesha wale viumbe weusi wenye miiba mirefu waliojazana kwenye nyufa. Akafika kwenye shimo moja, akainama, akasema yumo. Nikamkumbusha tuko hifadhini. Akaondoka huku akigeuka nyuma.

Kilichomshughulisha zaidi ni pengo kwenye mwamba, upana wake kama uwanja wa netiboli. Pale palikuwa na maji ya kijani, hayana povu. Huo ni mlango. Mashua hupita humo. Mtu mgeni akisimama ufukweni ataona kushoto mawimbi yanavunjika, kulia yanavunjika, katikati shwari, naye ataingia katikati. Lakini maji yote yanayorushwa juu ya mwamba yanatafuta pa kutokea, na pa kutokea ni hapo. Yakianza kupwa yanakwenda nje kwa nguvu. Ukibebwa humo usishindane nayo. Kata pembeni, sambamba na ufuko, mpaka ufike kwenye povu, povu litakurudisha.

Hapo tukabishana. Sisi wa ubao tunaipenda milango. Inatutoa nje bila kupigwa usoni na kila wimbi. Mama hakutaka hata nikisogelee kitu hicho. Mwisho tukakubaliana: nitautumia maji yakiwa yanajaa tu, na kabla ya saa kumi niwe mchangani. Akachomeka fimbo yake kwenye ufa wa mwamba, akaikaza kwa mawe. Maji yakiimeza, alisema, chini yako pana kina cha kutosha hata ukianguka vibaya.

Fimbo ilizama kama saa nane. Nikatoka kwa mlango, nikageuka. Mawimbi ya pale si makubwa, kifuani hivi, ila ni ya haraka na yanakata kuelekea kulia. Nilianguka, nikapata moja zuri, nikaanguka tena. Ufukweni watoto wa kijiji walikuwa wanateleza kwa vipande vya mbao za mashua kuukuu, kwa tumbo, wakipiga kelele. Wananizidi mbali. Mmoja alinifundisha kushuka wimbi kwa kuegemea kiwiko, wala hakujua kwamba ananifundisha.

Mama alitazama weee, mwishowe akakaza kanga juu ya dera, akasema, "Lete hicho kitu."

Tulikaa kwenye maji ya kiunoni, ndani ya mwamba, mbali na mlango. Nikamlaza, nikamshika miguu, povu likaja, nikasukuma. Alikwenda moja kwa moja hadi mchangani, kidevu juu, watoto wakikimbia pembeni wakimshangilia "Bibi! Bibi!" Akainuka, akatema maji, akarudi. Hakuniuliza kama nimechoka.

Njiani akauliza bei ya ubao mpya. Nikamtajia. Akasema kwa hela hiyo anaezeka banda la kuku na mabati yanabaki. Tulipofika Madimba akauliza tena, safari hii kuhusu ule mfupi, wa kulalia tumbo.