Kuku wa mwindaji

Januari 2014 nilikuwa Roma, mtaa wa Garbatella, nikimtunza bibi mmoja wa miaka 86. Miguu ilikuwa imemwishia nguvu, ila pua na ulimi vilikuwa vizima. Nilimwita Signora, yeye akiniita figlia mia, mwanangu. Wiki mbili hizo chakula kilikuwa hakimpiti: supu vijiko vitatu, kisha anageuza uso. Ijumaa moja jioni, bila kuulizwa, akasema anataka pollo alla cacciatora, yaani kuku wa mwindaji.

Nilikuwa nimeshawahi kumla mkahawani, mwekundu kwa nyanya, nikamwambia nitapitia nyanya za kopo. Alinitazama kama niliyemvunjia heshima. Nyanya ni mambo ya watu wa Toscana, akasema. Roma hatutii nyanya.

Asubuhi nikapanda treni ya metro hadi kituo cha Termini, nikabadilisha, nikashuka Vittorio Emanuele, kwenye soko la Esquilino. Huko ndiko kulikuwa na bucha za halali, na ndiko nilikokuwa nikifuata muhogo na ndizi za kupika hamu ya Tanga inaponizidi. Nikachukua kuku mmoja, akakatwa vipande vinane, nikamwomba mwenye bucha asiitupe firigisi.

Niliporudi, Signora alitaka kiti chake cha magurudumu kisogezwe hadi jikoni. Nikaweka kuku kwenye sufuria, nikafungua bomba. Kwetu kuku huchemshwa kwanza kwa tangawizi na kitunguu saumu, mengine baadaye.

"Maji ya nini?" akauliza, na sauti yake ilikuwa na nguvu ambayo sikuwa nimeisikia tangu Krismasi.

Nikavifuta vipande kwa kitambaa mpaka vikakauka kabisa. Mafuta ya zeituni, moto wa wastani, ngozi chini. Nilipojaribu kugeuza, ngozi ilikuwa imeng'ang'ania sufuria. "Usiivute. Itaachia yenyewe." Nikasimama na uma mkononi, nina hakika inaungua. Zikapita dakika kama nane, nikagusa tena, kipande kikateleza chenyewe, ngozi ina rangi ya maandazi yaliyoiva vizuri.

Yeye alikuwa amepakata kinu kidogo cha marumaru, akitwanga kitunguu saumu, majani ya rosemari na visamaki vya chumvi kutoka kwenye chupa, wanaviita alici. Nikainama kunusa. Dagaa! Nilimwambia kwetu pwani hawa tunawajua, tunawaanika juani, akafurahi kana kwamba nimemletea salamu za ndugu yake.

Kisha mkono wake ukaenda kwenye chupa ya divai nyeupe. Ni mkono uliopika hivyo maisha yake yote, ulikwenda wenyewe. Ukasimama hewani. Akanitazama, akaurudisha kwenye shali.

"Nipe siki," akasema. "Leo siki peke yake."

Nami sikuwa nimefungua mdomo. Miezi mitano alikuwa akiniona nikitandika msala wangu karibu na dirisha, na hakuwahi kusema lolote.

Tukaikoroga siki na vile alivyotwanga, nikamimina, mvuke ukapanda mkali hadi macho yakatutoka machozi sote wawili. Nikafunika, nikapunguza moto. Kila baada ya muda aliniagiza nifunue, nigeuze vipande, nifunike tena. Baada ya dakika 40 ukali wote ulikuwa umekwisha. Mchuzi ulibaki kidogo tu, mzito, unang'aa, umemshika kuku.

Nilimpakulia paja, na juu yake nikaweka firigisi. Akauliza kwa nini nimempa hiyo. Nikamweleza kwamba nyumbani kwetu firigisi hailiwi na yeyote tu, huwekewa mkubwa wa nyumba.

Alikula paja lote. Akamega mkate, akafuta mchuzi mpaka sahani ikawa nyeupe. Firigisi alikuwa ameiacha pembeni. Akachukua kisu, mkono unatetemeka, akaikata katikati, na nusu akaisukumia kwenye sahani yangu.