Siku moja maishani mwangu: miraba 90 na shiti moja ya kaki

Saa 11:00 alfajiri

Kabla hata ya kupiga mswaki nimekwenda kupapasa karatasi. Ni masika, usiku kucha mvua imepiga bati hapa Kimara, na shiti niliyoiacha mezani jana imelegea kama kitenge kilichoanuliwa kabla hakijakauka. Karatasi hunywa unyevu wa hewani. Ikishakunywa inatanuka, tena haitanuki sawa pande zote: inatanuka zaidi kukatisha nyuzi zake kuliko kufuata urefu wa nyuzi. Kwa anayeandika barua hilo si neno. Kwa aliyeigawa shiti ya sentimita 64 katika sehemu 32, kesho yake anakuta mistari ya wima na ya mlalo haipatani tena. Ndiyo maana nina sheria moja nisiyoivunja: gridi, yaani huo mtandao wa mikunjo, ikianza leo, inaisha leo.

Nakunja origami, sanaa ya kukunja karatasi, kwa ajili ya wapambaji wa kumbi. Oda iliyopo mkononi ni mipira minne ya kuning'iniza na paneli moja ya kuwekwa mbele ya taa. Mipira mitatu iko tayari, imefungwa kwenye mifuko ya plastiki ili isivute unyevu. Bado mpira mmoja na paneli. Mama mpambaji anakuja kuvichukua saa 2 usiku.

Watu wakisikia origami wanamfikiria korongo wa karatasi. Mimi kukunja korongo wala sijui vizuri, naona aibu kusema. Kazi yangu ni ya aina mbili. Ya kwanza ni ya vipande: unakunja vipande vidogo vingi vinavyofanana, kila kimoja kina ulimi na mfuko, ulimi wa huyu unaingia kwenye mfuko wa yule, na mpira unasimama bila tone la gundi. Ya pili ni teselesheni: shiti moja nzima, haikatwi popote, unaikunja hadi inatoa nakshi inayojirudia kama vigae vya sakafuni. Nje zinaonekana ndugu. Kwenye karatasi ni wake wenza, maana inayompendeza huyu inamuudhi yule.

Saa 1:00 asubuhi

Basi la mwendokasi kwenda Gerezani. Nimesimama njia nzima, mkoba wa karatasi nimeuinua juu ya kichwa kama mtoto anayevushwa mto. Kijana mmoja ameniuliza kama nimebeba vyeti.

Saa 2:30 asubuhi, Kariakoo

Ninachotafuta ni karatasi ya pinki ya A4, gramu 80. Nyeupe na krimu ninazo. Gramu 80 maana yake mita moja ya mraba ina uzito huo, na kwa kuwa A4 kumi na sita zinatimiza A0 moja, yenye eneo la mita moja ya mraba, basi shiti moja ya A4 ina gramu 5. Ukitaka kujua kama umeuziwa karatasi nyepesi kuliko ilivyoandikwa, pima shiti 20 kwenye mizani ya dukani. Zikikosa kufika gramu 100 au karibu na hapo, ongea na mwenye duka.

Karatasi niliyoizoea haipo. Kuna nyingine, pinki ileile lakini laini zaidi.

"Dada, hii ndiyo nzuri, inateleza kwenye mashine, haikwami," ananiambia muuzaji.

Hapo ndipo tatizo langu lilipo. Mimi sitaki iteleze. Nimeomba shiti moja nikaipinda taratibu bila kuivunja, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana. Upande ambao karatasi haibishi sana ndiko nyuzi zinakolala. A4 nyingi za mashine ya kopi nyuzi zake zinafuata urefu, lakini napima kila mara, kwa sababu vipande vyote vya mpira mmoja navitaka vilale upande mmoja. Kisha nikakunja kona, nikaminya kwa ukucha, nikafungua, nikaikunja kinyume. Ukiona mstari mweupe umejitokeza, ujue rangi imepakwa juu tu, na kila ukingo wa mpira utaonekana kama umechubuka. Hii haikuchubuka, rangi imeingia mpaka ndani. Mwisho nikakunja vipande viwili, nikavichomeka, nikavitikisa. Vikaachana.

Zile za kung'aa kama kurasa za jarida hata sizigusi. Zinapasuka kwenye mkunjo, na ulimi unachomoka mfukoni wenyewe. Manila nayo ni nene mno: kipande chenye tabaka nne za manila kinakataa kulala, kinafunguka kama mdomo wa samaki.

Nimeinunua ile pinki inayoteleza. Oda ni ya leo, nitafanyaje.

Saa 4:00 asubuhi

Kwa mzee wa gilotini, mashine ya kukatia karatasi. Ana kibanda cha uchapaji, na mashine yake ni ya mkono, lile gurudumu la kubania juu unalizungusha mwenyewe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Leo tena saba kwa saba?"

Saba kwa saba. A4 ina milimita 210 kwa 297, kwa hiyo inatoa miraba ya sentimita 7 mitatu kwa minne, jumla 12, na kinachobaki ni ukanda mwembamba tu wa kuandikia bei. Ukitaka miraba ya sentimita 10 unapata minne, na karibu theluthi ya shiti unaitupa. Nahitaji miraba 30 ya kila rangi, kwa hiyo shiti 3 za kila rangi, shiti 9 kwa jumla. Namsihi akate chache chache. Rundo likiwa nene kisu kinavuta zile za chini, zinatoka na upungufu wa milimita moja, na mraba usio mraba hauna msamaha: unakunja kona kwa kona, unaona ncha imezidi, unautupa. Kabla sijaondoka nimekunja mmoja wa juu, mmoja wa kati, mmoja wa chini. Ziko sawa.

Saa 6:00 mchana

Nyumbani. Jua limetoka, karatasi ya kaki imekakamaa tena. Gridi.

Hii ni ya paneli, ambayo mama mpambaji aliitaka nyeupe. Wiki iliyopita nilijaribu kwa karatasi nyeupe ya kawaida, nikafika robo tatu, nikaiinua dirishani: kwenye kila njia panda ya mistari kulikuwa na kitundu kama cha sindano. Teselesheni inaitesa karatasi. Kila mstari unakunjwa mbele, kisha unakunjwa nyuma, ili baadaye ukubali kuwa mlima (mkunjo unaoinuka) au bonde (mkunjo unaozama) utakavyotaka wewe. Karatasi ya nyuzi fupi inachoka, na inachokea palepale mistari inapokutana. Kaki ina nyuzi ndefu, haijapaushwa, inavumilia. Ni ndugu wa karatasi ya mfuko wa saruji, na nakiri nilijifunzia kwenye mifuko ya saruji, baada ya kuikung'uta na kuipangusa kwa kitambaa chenye maji. Vumbi lake linakausha vidole hadi vinapasuka, lakini karatasi ile ni ngumu ajabu. Wakunjaji wa Ulaya wanaisifu moja ya Kijerumani iitwayo Elefantenhaut, yaani ngozi ya tembo, na Wajapani wana washi ya nyuzi za mti wa kozo. Sijawahi kuzishika. Kaki inanitosha.

Mistari 31 ya wima, 31 ya mlalo, sentimita 2 kutoka mmoja hadi mwingine. Unakunja nusu, robo, thumuni, unaendelea hadi sehemu 32. Naminya kwa mpini wa kijiko cha chuma. Feni nimezima, taulo liko mapajani kwa ajili ya jasho, maana tone moja kwenye kaki halifutiki.

Baada ya hapo vinakuja vizungusho. Kila mahali pleti (mkunjo wa kulaliana, kama wa sketi) ya wima inapokatana na ya mlalo, karatasi inazunguka na kulala kama mraba mdogo uliokaa mshazari. Kwenye kila kona ya mraba huo inakutana mikunjo minne, na pembe zake ni 135, 90, 45, 90. Jumlisha kwa kuruka moja: 135 na 45 ni 180, 90 na 90 ni 180. Hiyo ni kanuni inayoitwa kwa jina la Toshikazu Kawasaki, na isipotimia karatasi hailali bapa hata uikalie. Ya pili inaitwa kwa jina la Jun Maekawa: milima na mabonde kwenye kona moja lazima vitofautiane kwa 2, kwa hiyo katika mikunjo minne, mitatu ni ya aina moja na mmoja wa aina nyingine. Nikihisi kona inabisha nahesabu. Karibu kila mara nakuta mbili kwa mbili, kosa ni langu.

Jambo lililonichukua muda kulielewa nilipoanza ni majirani. Kizungusho kikifuata mshale wa saa, cha pembeni yake lazima kizunguke kinyume, kwa kuwa pleti inayowaunganisha haiwezi kulala juu na chini kwa wakati mmoja. Paneli nzima ni ubao wa drafti: huyu kulia, yule kushoto.

Pleti 8 kwa 8, vizungusho 64. Kila pleti inameza sentimita 4, kwa hiyo shiti ya sentimita 64 inaishia 32. Mama mwenye nyumba alipita akaniuliza karatasi imeenda wapi.

Saa 9:30 alasiri

Nimekula ugali na dagaa uliopoa. Nikanawa mikono mara mbili.

Saa 10:00 jioni

Mpwa wangu wa darasa la sita ametoka shule. Tumekaa mkekani kukunja vipande 90. Ni vile vya PHiZZ, vya mwanahisabati Mmarekani Thomas Hull, jina linalotaja pembetano, pembesita na zigizaga. Unakunja mraba kama kipepeo cha mkono katika sehemu nne, kisha mikunjo michache ya mshazari, basi. Dakika moja kwa kipande ukishazoea. Tofauti na teselesheni, hapa hakuna kurudia mkunjo kinyume mara nyingi. Karatasi inatakiwa iwe kavu, yenye ubishi, ishike mkunjo na kusukuma kidogo kutoka ndani. Kaki ingelegea.

Mpwa ananikunjia vya pinki. Nimemwambia vyote vielekee upande mmoja, maana kipande kilichokunjwa kama kimetazamwa kwenye kioo hakiungani na wenzake. Amekosea viwili tu.

Saa 12:00 jioni

Kuunga. Mpira una pembetano 12 na pembesita 20, sawasawa na ule mpira wa miguu wa zamani wa nyeusi na nyeupe. Kwenye kila kona vinakutana vipande vitatu, na mimi napanga kila kona iwe na nyeupe moja, krimu moja, pinki moja. Hakuna kona inayorudia rangi. Ndiyo maana ni 30 kwa 30 kwa 30.

Asubuhi nzima nilikuwa naiogopa ile pinki. Nikiwa kwenye kipande cha ishirini hivi nikagundua jambo ambalo ningepaswa kulijua tangu dukani. Pale nilichomeka pinki kwa pinki. Kwenye mpira huu pinki haikutani na pinki hata mara moja! Ulimi wake unaingia kwenye mfuko wa rangi nyingine, na unaoingia kwake ni wa rangi nyingine, zote mbili za karatasi yangu ya zamani yenye kukwaruza. Laini akiwa katikati ya wakali wawili hana pa kutelezea. Kama rangi mbili zingekuwa laini, kazi ingeishia hapo.

Hata hivyo nilishikilia kwa vibanio vya nguo hadi kipande cha 70 na kitu. Mpira uliofika nusu ni mlegevu, unayumba kama bakuli la jeli, na hapo ndipo wanaoanza wanakata tamaa wakachukua gundi. Kipande cha 90 ndicho kigumu kuliko vyote, kwa sababu hakuna tena nafasi ya kuingiza vidole. Kijiti cha mshikaki kimesaidia. Kilipoingia, vibanio vyote nikavitoa, nikaurusha mpira kwa mpwa. Akaudaka. Haukufunguka. Gramu 35, mpira mzima.

Saa 2:15 usiku

Mama mpambaji amefika, viatu mkononi kwa ajili ya tope.

Mipira ameipenda. Paneli akaitazama, akanitazama.

"Mwanangu, mbona kama bahasha ya ofisini?"

Sikumjibu. Nimezima taa ya sebuleni nikawasha balbu ya LED nyuma ya paneli. Mahali penye tabaka moja pakawa rangi ya asali. Pleti zenye tabaka tatu zikawa kahawia, na vile vizungusho, ambako karatasi imelaliana zaidi, vikajitokeza kama nyota za giza, 64, mstari kwa mstari. Hakuna kitundu hata kimoja.

Akakaa kimya, kisha akaomba kiti.

"Nyeupe haiwezekani kabisa?"

"Inawezekana mama, nikipata nyeupe yenye nyuzi ndefu. Siyo hii ya kopi."

"Basi hii naichukua. Ila itafute hiyo nyeupe, harusi ya tarehe kumi na nne hawataki kahawia."

Saa 4:00 usiku

Shiti 9 zilitoa miraba 108. Mpira umekula 90. Imebaki 18, sita ya kila rangi. Vipande sita vya Sonobe, aina nyingine ya vipande vya kuchomekana, vinatosha kutengeneza mchemraba mmoja, na mpwa amekwishatengeneza wa nyeupe na wa krimu. Wa pinki umemfungukia mikononi mara tatu, sasa ananiuliza kwa nini, na mimi namwambia achanganye rangi.