Barabara ya Sulemani na Mawe ya Kilwa

Wengi wetu hapa Lindi tuliijua riwaya ya H. Rider Haggard kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani, katika tafsiri ya enzi za Waingereza, tukaisoma kwa ajili ya ramani, jangwa na almasi. Hata leo naipenda kwa hayo. Hata hivyo, riwaya hiyo ilitoka mwaka 1885, mwaka uleule Mkutano wa Berlin ulipomalizika, na mwandishi wake alikuwa amewahi kuitumikia serikali ya Uingereza huko Afrika Kusini, ambako mwaka 1877 alishiriki katika kupandisha bendera ya Uingereza mjini Pretoria. Si rahisi mtu wa aina hiyo kutunga safari isiyo na siasa ndani yake.

Siasa iliyofichika zaidi haimo katika maneno ya wahusika, imo katika mandhari. Wasafiri wanaikuta barabara kuu iliyochongwa mwambani, kisha masanamu makubwa ya mawe, na dhana yao inawaendea moja kwa moja wageni wa kale, pengine Wafoinike (mabaharia wa kale wa Lebanoni ya leo), huku Wakukuana, watu wa kubuniwa wenye nchi hiyo riwayani, wakionyeshwa kuwa hawamjui aliyejenga. Kwa kuwa dai hili, kwamba wajenzi hawakuwa Waafrika, halitolewi kama hoja, msomaji kijana halipingi. Linamwingia bila hodi. Nje ya riwaya dai lilelile lilikuwapo: mwaka 1871 msafiri Mjerumani Karl Mauch alikuwa ameyahusisha magofu ya Great Zimbabwe, mji wa kale wa mawe katika Zimbabwe ya leo, na Malkia wa Sheba, na ilipofika mwaka 1929 uchimbaji wa mwanaakiolojia Gertrude Caton-Thompson ukathibitisha kwamba wajenzi walikuwa Waafrika.

Sisi wa mkoa huu hatuna udhuru wa kulimeza dai hilo. Kilwa Kisiwani kuna Husuni Kubwa, jumba la karne ya 14 lililojengwa kwa matumbawe na chokaa katika utawala wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman (Sulaiman wetu, naam), aliyetajirika kwa dhahabu iliyopitia Sofala, bandari ya kale katika Msumbiji ya leo. Sarafu yenye jina lake imepatikana Great Zimbabwe kwenyewe. Njia ya utajiri ambayo Haggard aliwatafutia Wafoinike ilikuwapo kweli, na mwisho wake mmoja ulikuwa hapa pwani.

Jambo la Foulata, binti wa Kikukuana katika riwaya, nalitaja kwa ufupi, kwa sababu linanikera: anampenda Mzungu mmoja wa wasafiri, na mwandishi anamfanya yeye mwenyewe, akiwa anakata roho, aseme kwamba jua haliwezi kuoana na giza.

Ajabu ni kwamba kitabu hichohicho kina hotuba ya Ignosi, mfalme wa Wakukuana. Akiwaaga wageni wake, mfalme huyo anatamka kwamba hataruhusu Mzungu mwingine avuke milima, wala wachuuzi waje na bunduki na pombe zao. Wapo wanaoisifu hotuba hii kama dhamiri ya Haggard. Mimi naikubali kwa nusu tu, kwa kuwa mlango unafungwa wakati almasi zimekwisha kutoka mfukoni mwa Quatermain, msafiri anayesimulia kisa, na kukataa huko hakumgharimu msafiri yeyote chochote. Kwa watu wa pwani hii gharama ilikuwa nyingine: mwaka 1888, miaka 3 tu baada ya riwaya kutoka, waliinuka dhidi ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, na mwaka 1895 Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa Kilwa Kivinje kwa kuendelea kuukataa utawala wa Wajerumani.