Kisigino Changu Hakijali Kama Nina Raha

Nianze na aliyeniudhi. Mwenzangu mmoja wa chama chetu cha kukopeshana, mtu mzuri sana ukitaka mkopo, aliniambia mbele ya watu: "Mama Tito, wewe huumwi. Ni mawazo tu. Tulia, utapona." Wakati huo nilikuwa na miezi minne sijalala usiku mzima, nyayo zinawaka kama nimekanyaga pilipili. Nilinyamaza nikanywa chai yangu. Jibu nililommezea ndilo hili.

Chanzo kilikuwa "taifodi." Hapa Nairobi ukiumwa na tumbo ukaingia kliniki ya mtaani, unatolewa damu, unapimwa Widal, na taifodi inapatikana tu. Kipimo hicho hukosea mara nyingi. Hata ukiwa umewahi kuambukizwa zamani kinaweza kusema ndiyo. Nikapewa ciprofloxacin, dawa ya kuua bakteria, ya miligramu 500, asubuhi na jioni, siku kumi, kwenye bahasha ndogo ya karatasi. Hakuna aliyeniuliza natumia dawa gani nyingine. Nilikuwa namalizia prednisolone za pumu. Siku ya sita kano ya nyuma ya kisigino cha kulia ikavimba. Siku ya nane vidole vya miguu vikaanza kufa ganzi na kuchomachoma. Nami, mwanafunzi mwema, nikamaliza dozi kwa sababu tumefundishwa kumaliza dozi. Siku hizi najua nilipaswa kurudi siku ileile ya uvimbe.

Aliyetegua kitendawili ni binti yangu, kwenye simu. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali mwaka 2008 kwamba ciprofloxacin na jamii yake zinaweza kuumiza kano, ikaongeza la neva mwaka 2013. Steroidi kama zile tembe zangu za pumu huongeza hatari ya kano. Mwaka 2018 ile ya Ulaya nayo ikasema jamii hii ya dawa isitumiwe kwa magonjwa madogomadogo. Sisi huku tunainunua bila hata cheti cha daktari.

Hospitalini nilipimwa sukari na vitamini B12, zote sawa. Daktari akajaza fomu ya njano ya Bodi ya Dawa na Sumu, ya kuripoti madhara ya dawa, akanieleza kwamba neva ikibahatika kuota tena huota kama milimita moja kwa siku. Nikatoa tepu yangu ya kupimia wateja, nikapima kutoka goti hadi kidole gumba. Sentimita hamsini na kitu. Siku mia tano. Nililia pale pale, na daktari, maskini, akadhani nimekosea kupima.

Basi shemeji yangu akashikilia kuwa nahitaji kupumzisha akili. "Nenda Karura, uone miti." Nikaenda. Jumamosi, matatu mbili, kiingilio mia na ushei, na mkate wangu na chai kwenye chupa. Sitawadanganya, ilikuwa siku tamu. Nilifika mapangoni, nikashuka ngazi hadi maporomoko, nikakaa juu ya jiwe nikimwaza Wangari Maathai aliyepigwa Januari 1999 akiutetea msitu ule ili mimi fundi cherehani wa mtaa wa Pipeline nipate pa kulia kwa faragha. Ila sikulia. Niliimba. Nikazunguka tena mara ya pili kwa kiburi. Jioni nikafika kwenye ploti yetu, na mimi nakaa orofa ya tano bila lifti. Orofa ya pili nikashika ukuta. Ya tatu nikakaa chini kama mzigo wa viazi. Mtoto wa jirani akaniletea stuli, mwingine akaniletea maji, keateka, msimamizi wa ploti, akauliza kama nimelewa. Nilifika mlangoni saa tatu usiku, nimepanda ngazi kwa makalio.

Lakini usiku ule jambo likanishangaza. Kisigino kilikuwa moto, nyayo zimetulia. Kabisa. Nililala hadi alfajiri.

Nikachukua daftari la vipimo vya wateja, nikaligeuza, nikaanza kuandika kuanzia nyuma. Kila usiku namba mbili, moja ya kisigino, moja ya nyayo, sifuri hadi kumi. Kando yake neno moja la siku: "kodi," "harusi," "mama mkwe." Hiyo "mama mkwe" ilinipa nane ya nyayo mara mbili, nisamehewe.

Shida ni kwamba kazi yangu ni cherehani ya kukanyaga. Siku za presha ndizo za kukanyaga sana, kwa hiyo sikuweza kujua kipi kinaniumiza. Desemba nikanunua mota ya mtumba Gikomba, elfu tatu hivi, labda nne ukihesabu fundi na waya. Pedali yake naibonyeza kwa mguu wa kushoto. Nilinunua kupunguza uchovu tu, lakini mwenzenu nikajikuta mtafiti. Januari sare za shule zikaja, wazazi wanafoka, wengine wanachukua sketi na kuahidi kulipa "wiki ijayo." Sikulala. Nyayo: saba, nane, saba. Kisigino: mbili.

Mtu atasema kisigino kilikuwa kinapona chenyewe. Hata mimi nilisema hivyo, mpaka Machi transfoma ya mtaa ilipoungua tukakaa siku tatu bila stima. Kazi ilikuwa chache, roho imetulia, nikarudi kukanyaga huku nikipiga soga. Siku ya pili kisigino sita. Nyayo? Moja. Nilimpigia binti yangu simu nikicheka kama nimeshinda bahati nasibu.

Kwa fundi mwenzangu nitasema hivi: uzi ukikazwa kupita kiasi, kitambaa hujikunja. Ukiulegeza, mikunjo inaisha, lakini palipochanika pamebaki pamechanika. Neva zangu zilichanika kwa dawa. Woga na kukosa usingizi vilikuwa vinakaza uzi. Daktari alikubali kwamba usingizi mbaya hufanya maumivu yahisiwe makali zaidi, akanipa kitembe kidogo cha usiku, na mimi nikahamisha simu jikoni ili zile jumbe za "lipa mkopo wako leo" zisinifikie saa tano usiku. Mazoezi ya kupumua pia nilijaribu, lakini si kwa kukunja miguu sakafuni. Kanisa la orofa ya chini lina spika, utulivu hakuna. Nahesabu mishono: minne navuta, sita natoa.

Kisigino hakitaki pumzi wala msitu. Kinataka usikionee, na ukiongezee kazi kidogo kidogo. Mtaalamu wa viungo alinianzisha kwa kusimama tu kwenye vidole nikishika meza. Baadaye sana ndipo akaniruhusu kushusha kisigino polepole ukingoni mwa ngazi, na ngazi ninazo nyingi. Wiki mbili za kwanza nilijifanya shujaa nikazidisha, nikarudishwa mwanzo. Na tumboni kukiniuma sasa, kabla sijafungua mkoba nasema: "Daktari, ciprofloxacin na ndugu zake siwezi," kisha naomba kipimo cha kuotesha damu, kuona kama kuna bakteria.

Yule wa chama aliniona juzi natembea vizuri sokoni. "Si nilikwambia ni mawazo?" Nikamwambia mawazo yalikuwa nusu ya nyayo, na nyayo ni nusu ya hadithi. Akadhani namtania.

Julai hii baridi imeuma na kidole gumba cha kushoto bado kinachoma. Jana niliandika tatu, kando yake "baridi." Daftari limebaki kurasa sita tu, vipimo vya wateja upande huu na vyangu upande ule, vinakaribia kukutana katikati.