Kupiga picha saa inayowaka gizani

Hapa Kampala umeme ukikatika usiku jirani wanatafuta mishumaa, mi natafuta tripodi, maana giza la bure namna hiyo ni zuri kuliko kuhangaika kufunika madirisha na blanketi.

Fokasi iweke kwa mkono kabla hujazima tochi alafu usiguse tena, ukiiachia kamera ijitafutie gizani itazunguka tu bila kushika kitu. Saa yenyewe inywe mwanga kwanza, tochi ya simu dakika moja hivi, tochi ya UV (mwanga wa zambarau usioonekana vizuri kwa macho) sekunde chache zinatosha. Kisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 400, tundu la lenzi f/8, shata ikae wazi sekunde 10 mpaka 30, na taima ya sekunde 2 ili kidole kisitikise kamera. Fanya haraka, ule mng'ao unashuka sana dakika za mwanzo. Mshale wa sekunde ukikusumbua vuta kile kitufe cha pembeni, saa nyingi zinasimama. Piga RAW, yaani faili ghafi ya kamera, rangi utarekebisha baadaye, kamera ikijiamulia yenyewe ile kijani mara nyingi inaharibika.

Saa nyingi za siku hizi zimepakwa strontiamu aluminati, unga unaokunywa mwanga na kuutoa gizani, teknolojia ya kampuni ya Nemoto ya Japani ya 1993, haina mionzi. Ila ukiokota saa kuukuu sana pale soko la Owino yenye radiamu, ambayo ina mionzi, piga picha ya nje tu usiifungue, hata kama haiwaki tena, kilichochoka ni zinki salfaidi, ule unga uliokuwa ukiwaka kwa mionzi ya radiamu, radiamu yenyewe inachukua kama miaka 1600 kupungua nusu, sasa jamani si bado ipo hapo?