Hapatwi na Kitu

Shangazi alikuwa anachambua mchele, ungo mapajani, nami namsomea ile hadithi yangu ya binti fundi redio. Alicheka pale binti anaponunua redio mbovu ya tajiri kwa bei ya chuma chakavu, anaitengeneza, kisha anamuuzia tajiri huyohuyo. Nilipofunga daftari akauliza:

"Na mwishoni anapatwa na nini?"

"Hapatwi na kitu, Shangazi."

"Hivi hivi tu?"

"Hivi hivi."

"Basi haijaisha hiyo." Akapuliza makapi.

Wiki hii wifi kajifungua salama na mitihani ya nusu muhula imepita, lakini mimi nimeshinda nikibishana na Shangazi kichwani. Yeye ndiye aliyetulea kwa hadithi za Sungura! Sungura anakula asali, anampaka Fisi mdomoni akiwa amelala, Fisi ndiye anayepigwa, na hakuna aliyewahi kuuliza Sungura alipatwa na nini. Abunuwasi anarudisha sufuria ya watu pamoja na kitoto chake, siku nyingine anawaambia imekufa, tunacheka hadi leo. Hata Karama wa Shaaban Robert katika Kusadikika, aliyeshtakiwa kwa kufundisha sheria, anapewa siku 6 za kujitetea mbele ya mfalme, na mwishowe anaachiwa.

Wote hao wana kitu ambacho binti yangu hana: mtu wa kuwasikiliza. Abunuwasi ana sultani anayemhitaji hata akimkasirikia. Karama ana baraza. Mwerevu wa kike, katika hadithi nyingi nilizosoma, anaanza vizuri, anawajibu wakubwa, halafu kurasa za mwisho zinamuua au zinamrudisha nyumbani akiwa ametubu. Na anayenidai adhabu hiyo ni Shangazi, aliyewashinda wajomba wote kwa hesabu za duka!

Nilishaazimia kwa hasira kutogusa neno, ndipo jana jioni akapiga simu. Hata salamu hakunipa.

"Yule tajiri hakuijua redio yake?"

"Hakuijua."

"Angeijua, mwanangu. Si ulisema ina ufa ubavuni? Mwambie binti abandike kitu hapo."

Mwambie binti! Nilicheka peke yangu hadi usiku. Leo alfajiri binti ameuziba ufa kwa picha ya mchezaji mpira aliyoikata gazetini, na mwisho ni uleule.

Kaka hajarudi na lori kutoka Ariwara, kule Kongo, simu yake haipatikani tangu adhuhuri. Wifi ananiuliza kila mara, naye bado mzazi. Sijui nimwambie nini.